Kombora la India la Nirbhay: tatizo ni injini, usukani ama mikono?

#1 Kijana wa Bugembe
Salamu wanajukwaa. Kuna kitu kinanisumbua tangu nikiwa mwanafunzi Bengaluru, naomba wenye ujuzi mnisaidie. India walituma chombo Mars, kikaingia kwenye mzingo Septemba 2014, tena mara ya kwanza kujaribu. Lakini kombora lao la kruzi, Nirbhay, maana yake asiye na hofu, ambalo halitoki hata nje ya angahewa, limewatesa miaka.

Hesabuni nami. 12 Machi 2013 likatoka njiani wakaliharibu wenyewe. 17 Oktoba 2014 likaruka zaidi ya kilomita 1,000, watu wakashangilia. 16 Oktoba 2015 likaenda kama kilomita 128 likaishia Ghuba ya Bengal. 21 Desemba 2016 likaanza kuvutia upande mmoja muda mfupi tu baada ya kuruka, wakalivunja. 7 Novemba 2017 likafanya kilomita 647 kwa dakika 50, safi kabisa. Aprili 2019 safi tena. Halafu 12 Oktoba 2020 dakika nane tu, basi. Mara saba, nne zimekataa.

Mimi nilikaa C. V. Raman Nagar, mtaa uleule walipo ADE wanaolitengeneza hilo kombora, na GTRE wa injini pia wako hukohuko. Ile asubuhi ya Oktoba 2015 mzee aliyekuwa anatuuzia chai chini ya hosteli alikunja gazeti akaliweka chini ya birika, hakusema kitu siku nzima. Kijana wake alikuwa fundi wa kuchomelea, sijui alikuwa na kazi gani huko ndani, sikuuliza. Ila sura ya yule mzee ndiyo imenifanya niandike. Kwani shida iko wapi hasa?

#2 Boda wa Wandegeya
Kombora ni kombora tu ndugu, unaliwasha linaenda. Wazee wa Masaka wanakumbuka saba saba ya Watanzania 1979, ilikuwa inapiga usiku kucha na hakuna aliyesikia ati imepotea njia.

#3 Mwalimu wa Fizikia, Mbale
@Boda hapana, usichanganye. Saba saba ni roketi. Inasukumwa sekunde chache, baada ya hapo ni kama jiwe lililorushwa, linafuata mkunjo wake mpaka linaanguka, halina la kufikiria. Kombora la kruzi ni ndege ndogo isiyo na rubani. Lina mabawa, lina injini inayovuta hewa mwanzo hadi mwisho, linaruka chini chini na linatakiwa kujua liko wapi kila sekunde. Nirbhay ina urefu wa mita sita hivi na uzito wa kama kilo 1,500. Roketi ya kusukumia inalirusha wima, linalala, roketi inadondoka, mabawa yanafunguka, injini inawaka. Yote hayo ndani ya muda mfupi na hakuna mtu wa kusaidia. Hatua moja ikikwama umepoteza kombora zima.

#4 Boda wa Wandegeya
Asante mwalimu. Sasa nimeelewa kwa nini wanasema ndege.

#5 Fundi Turbo, Malaba
Mi nasema injini, na sitaki kubishana na vitabu, nasema kwa mikono yangu. Mwaka jana lililetwa lori la mafuta hapa mpakani, dereva analia halina nguvu mlimani, linatoa moshi mweusi, wamebadilisha filta wamebadilisha nozeli hakuna kitu. Nikafungua turbo. Jani moja la lile gurudumu lilikuwa limemeguka kipande kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, nilikiweka kwenye kiganja sikukihisi hata uzito. Hicho tu. Gurudumu linazunguka mpaka mara 100,000 kwa dakika, kikimeguka kipande kama hicho mizani imekwisha, bearingi zinaliwa, mafuta yanavuja, lori linakufa.

Sasa injini ya kombora ni ndogo, na watu wanafikiri kitu kidogo ni rahisi. Ni kinyume. Ile nafasi kati ya ncha ya jani na ukuta wa nyumba yake huwezi kuipunguza kwa kiwango kilekile unachopunguza injini. Kwenye injini kubwa ya ndege ya abiria upenyo huo hauonekani, kwenye hii ndogo hewa yote inakimbilia hapo. Na GTRE hawahawa ndio wa ile injini ya Kaveri, ilitakiwa iingie kwenye ndege ya Tejas, miaka ishirini na zaidi, mpaka leo Tejas inaruka na injini ya Marekani. Halafu mnataka waweze ndogo?

#6 Kijana wa Bugembe
Fundi hapo naomba nikurekebishe kidogo kwa heshima. Majaribio ya mwanzo hayakutumia injini ya GTRE. Waliweka injini ya Urusi ya Saturn, 36MT. Ile ya kwao inaitwa Manik, msukumo wake ni kama kilo 400 hivi, nayo imekuja kuruka kwenye majaribio ya 2021 na kuendelea. Kwa hiyo 2013 mpaka 2020 huwezi kuwalaumu GTRE kwa injini.

#7 Fundi Turbo, Malaba
Sawa, nimekubali hiyo, sikujua. Lakini hujaniondoa hapo. Injini nzuri ukiifunga vibaya ni injini mbaya. Mdomo wa hewa ukikaa vibaya, hewa ikiingia kwa kujikunja, injini inakohoa hata kama imetoka kwa malaika. Nimeona watu wananunua injini mpya ya boti wanaifunga kwenye ubao uliooza, baada ya wiki wanasema injini mbovu.

#8 Nahodha wa Ssese
Fundi usitutaje sisi wa boti 😂 ila umesema kweli.

Mi kwangu ni usukani. Ngoja niwaambie kwa lugha ya ziwani. Baba yangu alivuka kutoka mwalo wa Kasenyi mpaka visiwani kabla ya simu hizi, alikuwa na dira ya kushika mkononi na saa ya mkono. Anajua akishika upande huu, injini ikilia hivi, baada ya saa fulani ataona mti fulani mkubwa. Hakuna kingine. Ukungu ukishuka alikuwa anazima redio ya boti na kutukataza kuongea, anahesabu. Ukikosea kidogo pale mwanzo hujui, kwa sababu maji yanafanana, utajua mwisho ukiona kisiwa hakipo. Nimesoma hilo kombora nalo lina kitu cha ndani kinachohesabu hivyohivyo, na hilo la 2013 iliripotiwa ndicho kilichoharibika. Sasa baba yangu alikuwa na akili ya miaka arobaini ziwani na bado kuna siku tulilala kwenye kisiwa cha watu.

#9 Mwalimu wa Fizikia, Mbale
@Nahodha umeeleza kuliko kitabu changu cha kidato cha tano. Hiyo ndiyo kazi ya sensa za ndani, zinapima mgeuko na mwendo, kompyuta inajumlisha. Kosa nalo linajumlishwa. Chukua digrii moja tu ya kukosea uelekeo. Ukienda kilomita 1,000 umetoka pembeni kilomita 17 na nusu. Digrii moja, ambayo kwa macho yako kwenye dira huwezi kuiona. Ndiyo maana lazima uwe na kitu cha kukurekebisha njiani.

Wamarekani na kombora lao la kruzi la Tomahawk, lile la zamani, walitumia rada ya kupima kimo, inalinganisha milima na mabonde ya chini na ramani iliyowekwa ndani. Lakini juu ya bahari hakuna kilima, maji ni bapa, ramani haisaidii. India wanajaribia juu ya Ghuba ya Bengal. Kwa hiyo wakati wa majaribio wanategemea setilaiti zaidi, na za kwao za NavIC nazo zilikuwa na tatizo lake, saa za atomiki za setilaiti ya kwanza ya mfululizo huo zote tatu ziliharibika, walitangaza mwanzoni mwa 2017. Sisemi ndiyo sababu ya kuanguka. Nasema mlolongo wenyewe ni mrefu.

#10 Kijana wa Bugembe
Mwalimu, lakini hilo la 2017 ndilo lililofaulu, mwaka uleule wa tangazo la saa mbovu. Kwa hiyo hiyo hoja inasimama na mguu mmoja.

#11 Mwalimu wa Fizikia, Mbale
Kweli, nakubali. Nimeiweka tu mezani.

#12 Mnubi wa Arua
Salaam aleikum. Nimesoma kimya ila mkitaja Tomahawk mimi siwezi kupita. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi Khartoum Bahri mwaka 1998, duka la vipuri. Agosti 7 ile al-Qaeda wakalipua balozi za Marekani Nairobi na Dar, Agosti 20 Wamarekani wakapiga kiwanda cha dawa cha Al-Shifa kwa makombora hayohayo ya kruzi kutoka Bahari Nyekundu. Mjomba anasema usiku ule hakusikia ndege. Watu wa huko walikuwa wamezoea kusikia ndege kwanza, halafu ndipo wanaogopa. Hii haikuwa na kuogopa kabla. Alikuwa anakunywa maji, gilasi ikatikisika mezani, halafu ndiyo akasikia. Asubuhi alikwenda kuangalia akaona chupa za dawa zimeyeyuka zikashikana kama nta ya asali. Alileta moja Arua, mama aliikataa isiingie ndani, ilikaa kwenye uzio mpaka tukahama.

Sijui niseme nini kuhusu injini. Nilitaka tu mjue linavyokuwa likifaulu.

#13 Boda wa Wandegeya
Waaleikum salaam. Pole sana kwa mjomba.

#14 Afande Mstaafu
Asante kwa huo ushuhuda dada. Ama ni kaka, nisamehe.

Nimekuwa Somalia na AMISOM, sikai kwenye makombora makubwa, mimi ni mtu wa mota, ile mizinga midogo ya milimita 82. Lakini kitu kimoja kwenye orodha ya kijana kinanigusa: mara karibu zote ambazo limepinda wamelivunja wenyewe. Hapo watu wanaandika ati limefeli, limelipuka. Hapana. Yule ofisa wa usalama amekaa pale na kitufe, kuna mstari kwenye ramani, kombora likiukaribia anabonyeza. Haangalii bei. Haangalii mkubwa gani amekuja kutazama. Huyo mtu kwangu ndiye aliyefaulu siku hiyo.

Na kule Chandipur, Odisha, kabla ya kurusha wanahamisha wanakijiji walio karibu, wanawapa na pesa kidogo za siku hiyo. Nimeishi karibu na renji moja ya kulengea shabaha hapa nchini, siitaji, watoto walikuwa wanaokota vyuma. Tuliwafukuza asubuhi wanarudi jioni. Kuna mmoja alipoteza vidole vitatu, alikuwa na umri wa mtoto wangu wa pili. Kwa hiyo nikisikia mtu anahamisha kijiji kwa ajili ya jaribio moja, namheshimu.

#15 Kijana wa Bugembe
Afande hiyo sikuwahi kuiwaza hivyo.

#16 Muuza nguo Owino
Nauliza tu kwa nia njema. Hizo pesa zote si zingejenga hospitali? Hata sisi hapa 2011 tulinunua ndege sita za Sukhoi kwa zaidi ya dola milioni 700, na mimi mwaka uleule nilimpeleka mama kwenye zahanati moja nikaambiwa ninunue glavu mwenyewe. Nilinunua glavu. Nilinunua na sindano. Sasa mtu akiniambia kombora limeanguka baharini naona sindano ngapi zimeanguka baharini.

#17 Afande Mstaafu
Mama, hilo sina jibu lake. Nimezika wenzangu kwa kukosa vifaa na nimezika ndugu kwa kukosa dawa.

#18 Kijana wa Bugembe
@Muuza nguo nakuelewa dada. Kule pia wanauliza hivyohivyo, mabinti wa hosteli yetu walikuwa wanabishana mpaka usiku. Jibu wanalopewa ni majirani. Pakistan wana kombora lao la kruzi, Babur, walilijaribu mara ya kwanza Agosti 2005, India ikabaki nyuma. Na inasemekana Wapakistani walijifunza mengi kwa Tomahawk zilizoanguka kwao bila kulipuka ile Agosti ya 1998 zikielekea Afghanistan. Ile siku moja na ya mjomba wa Mnubi.

#19 Mnubi wa Arua
Hiyo sikujua. Subhanallah.

#20 Mpita Njia, Mbarara
Nyie mnapoteza muda. India wana BrahMos, linapiga popote, mara tatu ya mwendo wa sauti, na ni la kwao kabisa. Nirbhay ni la nini tena?

#21 Mwalimu wa Fizikia, Mbale
@Mpita Njia si la kwao kabisa. Ni ubia na Urusi tangu 1998, hata jina ni mito miwili, Brahmaputra na Moskva. Limetokana na Oniks ya Warusi, kwa hiyo walianzia kwenye kitu kilichokwisha kuruka. Na mwanzoni lilifungwa kwenye kilomita 290, kwa sababu kuna makubaliano ya mwaka 1987 ya kuzuia kuuziana teknolojia ya makombora yanayofika kilomita 300 na kubeba kilo 500, na Urusi imo. India yenyewe imeingia humo Juni 2016. Kwa hiyo la kilomita 1,000 ilibidi walihangaikie wao, hakuna wa kuwapa michoro.

#22 Mpita Njia, Mbarara
Haya nimejifunza. Lakini BrahMos si ndilo lililoponyoka likaenda Pakistan?

#23 Kijana wa Bugembe
Ndilo. 9 Machi 2022, lilirushwa kwa makosa, likaanguka karibu na Mian Channu, kilomita 124 ndani ya Pakistan. Shukuru Mungu halikuua mtu. Maofisa watatu walifukuzwa kazi Agosti ile. Angalieni sasa, la Nirbhay linalosemwa bovu halijawahi kuingia nchi ya mtu, na hili linalosemwa zuri limeingia.

#24 Afande Mstaafu
Hapo ndipo mimi nasimama. Watu. Tatizo ni watu na utaratibu. Silaha haijui kosa.

#25 Fundi Turbo, Malaba
Afande la 2016 unaliwekaje kwenye watu? Lilivutia upande mmoja. Nimesoma iliripotiwa bawa moja huenda lilikataa kufunguka. Hicho ni chuma.

#26 Afande Mstaafu
Bawa linafungwa na mtu, Fundi.

#27 Fundi Turbo, Malaba
Na mtu anafundishwa na nani? Na alikuwa na spana gani? Na nani alimharakisha? Ukienda hivyo tutafika kwa Adamu.

#28 Mhandisi mdogo, Ntinda
Habari. Naomba niingie hapo kwenye bawa maana mmenikumbusha kitu chetu. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliruka tarehe 7 Novemba 2022 ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus kutoka Virginia kwenda kituo cha anga. Mimi sikulala. Tulikuwa watu sita kwenye chumba kimoja, kompyuta moja, data tunachangishana. Ikaruka salama tukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya muda tangazo likaja, bawa moja la sola la Cygnus limekataa kufunguka. Mnajua moyo unavyoshuka? Kitu chetu cha kwanza, vijana wetu watatu walikwenda mpaka Kyushu Japani kukijenga, kiko ndani ya ndege yenye bawa moja.

Kilifika. Bawa lililobaki lilitosha umeme. Baadaye wakaeleza kwamba wakati wa kuachana na roketi kipande cha kitambaa cha kuzuia kelele kilinasa kwenye utaratibu wa kufungua bawa. Kitambaa! Kwa hiyo Fundi na ukucha wake wa turbo na hiki kitambaa ni hadithi moja. Hao ni watu wenye uzoefu wa miaka, pesa haihesabiki, na bado. Ndiyo maana mimi siamini kuna sababu moja ya Nirbhay, kila mara ni kitu kingine kidogo.

#29 Boda wa Wandegeya
Nimesoma hiyo nimesisimka. Sikujua setilaiti yetu ilipitia hayo.

#30 Muuza nguo Owino
Hata mimi. Ilikuwa ya kazi gani hiyo?

#31 Mhandisi mdogo, Ntinda
Dada, kamera ya kupiga picha za ardhi, mambo ya maji, udongo, misitu. Ndogo tu, unaibeba kwa mkono mmoja. Iliachiwa angani 2 Desemba 2022.

#32 Mzee wa Kireka
Wanangu, nimefurahi kuwasoma. Mnaona India peke yake kwa sababu ni ya juzi. Wamarekani miaka ya 1950 walikuwa na kombora la kruzi linaitwa Snark, la kuvuka bahari. Yaliangukia baharini pale Florida mengi mpaka watu wakasema maji yale yamejaa Snark kama yanavyojaa papa. Moja la Desemba 1956 lilipotea kabisa, halikusikia amri, likaenda zake. Lilikuja kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980, msituni Brazil. Na Warusi, Agosti 2019 kule Nyonoksa, wakishughulika na injini ya nyuklia, wanasayansi watano walikufa, na wengi wanaamini ilikuwa ya lile kombora lao la Burevestnik.

India pia, Kalam mwenyewe kabla hajawa Rais. Agosti 1979 aliongoza roketi ya SLV-3, ikaanguka Ghuba ya Bengal hiyohiyo. Mkubwa wake, Satish Dhawan, akaenda yeye mbele ya waandishi wa habari kubeba lawama. Julai 1980 ikafaulu, akamwambia Kalam nenda wewe ukaongee nao. Kalam aliisimulia hiyo mpaka uzeeni.

Nilifanya kazi miaka thelathini kwenye karakana. Kuna siku mashine niliyoifunga mimi iliharibika, meneja akanisimamisha mbele ya wenzangu wote na ya wageni. Sikufungua tena mashine ile bila mikono kutetemeka. Ningekuwa na Dhawan wangu, sijui.

#33 Kijana wa Bugembe
Mzee shikamoo. Huo ndio moyo wa swali langu, sikujua namna ya kuliuliza. Yule muuza chai na kijana wake.

#34 Fundi Turbo, Malaba
Shikamoo mzee. Pole kwa hilo la karakana.

#35 Mpita Njia, Mbarara
Lakini mzee, SLV-3 ilichukua mwaka mmoja kurudi. Nirbhay kutoka 2013 mpaka 2020 ni majaribio saba, moja kwa mwaka. Utajifunza nini ukipanda baiskeli mara moja kwa mwaka? Mimi naongeza sababu yangu: wanajaribu mara chache mno. Linaanguka, wanakaa miezi kumi na mikutano, vijana waliolifunga wamehamishwa, wanaanza upya.

#36 Mhandisi mdogo, Ntinda
Hiyo ina uzito. Basi letu la sola la Kayoola la 2016 watu walilicheka, nilikuwepo, ati likipata mvua litasimama. Waliendelea kulijaribu barabarani wiki kwa wiki na leo kiwanda kiko Jinja.

#37 Boda wa Wandegeya
Kayoola nimelipita juzi na boda yangu 😂

#38 Mhandisi mdogo, Ntinda
Lilikuwa limesimama kwenye kituo, usidanganye watu 😂

#39 Kijana wa Bugembe
Tusihame sana jamani. Niongeze habari za karibuni. Hilo jina Nirbhay hawalitumii sana tena, wamelifanyia mabadiliko. 18 Aprili 2024 toleo lenye injini ya Manik liliruka vizuri kutoka Chandipur, na 12 Novemba 2024 likaja lingine la kushambulia nchi kavu la masafa marefu, jaribio la kwanza na likafaulu, kutoka kwenye lori la kurushia.

#40 Fundi Turbo, Malaba
Eeh! Kwa hiyo injini ya GTRE imeruka. Nafuta maneno yangu ya #5 kuhusu hao watu, nusu yake. Hilo la nafasi ya ncha ya jani sifuti.

#41 Mwalimu wa Fizikia, Mbale
Na mimi naona ni kwa sababu usukani umerekebishwa, ndiyo maana injini ikapata nafasi ya kuonekana.

#42 Afande Mstaafu
Na nani aliyerekebisha usukani? Watu.

#43 Nahodha wa Ssese
Jamani nina jambo. Tangu juzi hii digrii moja ya mwalimu inanizunguka kichwani. Kesho navuka na mzigo wa mchele na sabuni. Simu naifunga kwenye mfuko nampa mdogo wangu akae nayo nyuma, asinionyeshe. Natumia dira ya baba na saa tu. Nitaleta majibu.

#44 Muuza nguo Owino
Nahodha vaa jaketi la kuokolea. Na mdogo wako pia.

#45 Nahodha wa Ssese
Ndiyo mama, tunavaa.

#46 Mnubi wa Arua
Mungu awavushe.

#47 Nahodha wa Ssese
Nimerudi. Saa moja na nusu ziwani, kilomita kama 22. Mwanzoni niliona naweza, maji yametulia, nimeshika dira mpaka mkono umekufa ganzi. Baada ya nusu saa upepo wa kusini ukaanza, mdogo mdogo tu, siyo wa kutisha, nikajua unanisukuma nikawa narekebisha kwa kukisia. Muda niliohesabu ulipotimia naangalia mbele, hakuna mwalo, kuna mawe na ndege weupe. Mdogo wangu akaanza kucheka nyuma. Akanipa simu. Nilikuwa nimepita pembeni kilomita mbili na kidogo. Mwalo ulikuwa kushoto nyuma ya ncha ya kisiwa.

Na kitu kilichoniuma, mpaka dakika ya mwisho nilikuwa na uhakika kabisa niko sawa. Hakuna kitu kilichoniambia.

#48 Mwalimu wa Fizikia, Mbale
Nahodha hiyo ni digrii tano na kidogo. Nimeihesabu mara mbili. Naomba ruhusa niwafundishie wanafunzi wangu Jumatatu bila kutaja jina.

#49 Nahodha wa Ssese
Ruhusa unayo mwalimu.

#50 Fundi Turbo, Malaba
Nahodha nauliza, hiyo saa moja na nusu injini yako iliunguruma sauti moja mwanzo hadi mwisho, ama kuna mahali ilishuka? Maana kama ilishuka basi na muda uliouhesabu ulikuwa wa uongo.

#51 Nahodha wa Ssese
Sasa fundi umenishika. Kuna mahali ilishuka, kama dakika kumi, nilidhani ni wimbi. Sikuihesabu.

#52 Fundi Turbo, Malaba
Lete hiyo injini Malaba.

#53 Mwalimu wa Fizikia, Mbale
Fundi subiri. Nahodha, ukivuka tena andika kila dakika kumi, upande wa dira, sauti ya injini na upepo, hata kwa kalamu kwenye katoni ya sabuni. Halafu piga picha hiyo katoni uilete hapa.

#54 Nahodha wa Ssese
Navuka Alhamisi. Nitanunua kalamu.